Sekunde Nane za Boya Jekundu

Inspekta Pisaina alivua viatu mlangoni kwa Mchungaji Etuale, akaketi mkekani, akakunja miguu chini ya kikoi chake cha sare ya polisi na kusubiri salamu ziishe. Wapi! Mchungaji aliwashukuru mababu, akaishukuru bahari, akaishukuru serikali na barabara iliyomleta Inspekta salama kutoka mjini Apia. Alipofika kwenye mvua ya jana, mzee Masoelagi, matai mkuu, yaani chifu, wa kijiji cha Fagamalie, akakohoa.

"Mchungaji, ibada ni kesho. Leo Jumamosi afande amekuja kazini."

"Na kazi yenyewe ina haraka," Pisaina alisema, akifungua daftari. "Nionyesheni hiyo video."

Kesi ilikuwa hivi. Alhamisi alasiri mashua mbili ndefu, kila moja na wapiga makasia arobaini na wanane, zilishindana kutoka gatini hadi boya jekundu na kurudi. Sheria ilikuwa moja: boya lizungukwe kwa upande wa bahari kuu, si kwa upande wa mwamba. Segavao, mashua ya Fagamalie, ilirudi ya kwanza. Matuu, mashua ya kijiji jirani cha Sauvai, ikafuata ikitweta. Waamuzi walikuwa mbali na boya, basi wakaomba video ya droni aliyoirusha Ielemia, mpiga picha wa Fagamalie. Wakaitazama hapa hapa kwa mchungaji. Video ikasema Segavao imepita upande wa mwamba, na kombe likaenda Sauvai.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wapiga makasia wote arobaini na wanane waliapa, mmoja mmoja, kwamba walipita upande wa bahari. Watu arobaini na wanane hawawezi kuota ndoto moja mchana kweupe. Basi video ilikuwa ya uongo, na mwenye video alikuwa mmoja. Masoelagi alikwenda polisi kushtaki kwamba Ielemia ameghushi picha ili kuwauza wenzake kwa Sauvai. Baraza la matai lingekaa leo saa kumi alasiri. Likimkuta na hatia, Ielemia na mama yake wangeondoshwa Fagamalie kabla ya jua kuzama.

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Na wewe, afande," Masoelagi alisema kwa sauti ya pole iliyojaa pilipili, "nasikia umezaliwa Sauvai."

"Nimezaliwa Sauvai, mzee. Kaka yangu Petelo ndiye nahodha wa Matuu. Ukitaka wampe mwingine kesi hii, Jumatatu ofisi itafunguliwa."

Masoelagi akatabasamu kidogo. "Washa, Mchungaji."

Kompyuta ya mchungaji ilikaa mahali pa heshima, chini ya picha ya harusi. Waumini walioko Auckland ndio walioituma, nayo ilitunzwa jinsi zawadi inavyotunzwa. Nailoni ya kiwandani ilikuwa haijabanduliwa. Kitambaa kizito cha kufumwa kiliifunika mgongo na mbavu zote mbili, na juu ya kitambaa lilining'inia shada la maua ya plastiki. Ielemia akachomeka diski yake, na video ikaanza.

Ilikuwa video nzuri mno. Ungeweza kuhesabu matone kwenye makasia. Pisaina aliweka saa yake mkekani na kutazama bila kupepesa. Dakika ya tano, safi. Dakika ya kumi, safi. Dakika ya kumi na mbili, sekunde ya nne, Segavao ilikuwa inalikaribia boya, bahari kuu ikiwa sehemu ya juu ya kioo, mwamba chini. Hapo picha ikaganda. Ilipoamka, sekunde nane zilikuwa zimemezwa, na mashua ilikuwa inaondoka ikiwa upande wa chini wa boya.

"Umeona?" Masoelagi alisema. "Sasa tazama kivuli."

Pisaina alikuwa ameshakiona. Kabla ya picha kuganda, kivuli cha boya kililala kushoto. Baada ya hapo, kililala kulia.

"Jua la Fagamalie haliruki kutoka pembe moja hadi nyingine kwa sekunde nane," mzee alisema. "Hizo ni picha mbili. Moja ya mazoezi ya asubuhi, moja ya mashindano ya alasiri. Zimeunganishwa kwa gundi ya huyu bwana."

"Niligeuza droni, mzee," Ielemia alisema taratibu. "Jua lilikuwa linaingia kwenye kamera. Nikaizungusha nusu duara, juu ikawa chini."

"Tangu Alhamisi unasema uligeuza. Tuonyeshe inapogeuka!"

"Ndizo hizo sekunde zilizomezwa."

"Zimejimeza zenyewe, hapo hapo tunapozihitaji. Bahati iliyoje!"

Pisaina alimwelekea mchungaji. "Mliitazama mara ngapi kabla ya leo?"

"Mara mbili. Nimeandika." Mchungaji akafungua kitabu cha mikutano. "Mara ya kwanza iliruka dakika ya kumi na mbili na sekunde moja. Mara ya pili, kumi na mbili na sekunde saba. Leo..."

"Leo sekunde nne." Pisaina aliandika namba tatu na kuzipigia mstari mara mbili. "Hebu tuirudishe nyuma kidogo."

Ielemia alipogusa tu, kioo kikawa cheusi.

"Huwa inazima hivyo," Mchungaji alisema kwa upole. "Inachoka. Tunaiombea."

Njiani kwenda Apia, Pisaina aliendesha gari na kuuliza maswali bila kumtazama Ielemia.

"Nakala nyingine?"

"Hakuna. Kadi ya droni nilishaifuta Ijumaa asubuhi, nilikuwa na harusi ya kupiga. Imebaki diski hii tu."

"Simu haiwezi kuionyesha?"

"Simu inaikataa, nzito. Na kompyuta yangu iliingia chumvi mwezi uliopita. Sikuwahi hata kuitazama hii video kabla ya waamuzi."

"Ungeitazama kwanza, ungewapa?"

"Afande, ningewapa hata kama tumeshindwa."

Alilisema bila kufikiri, na Pisaina akalipokea hivyo hivyo. Simu yake ikalia. Alikuwa Petelo, kaka yake, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Dada! Nguruwe wanne! Mawe ya kuokea yanapangwa sasa hivi, tunasherehekea kombe. Unakuja kula?"

"Usiwashe moto bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni dada yako na nakuambia usiwashe."

Duka la kompyuta la Akenese Ah Kau lilikuwa linafungwa saa saba mchana. Waliingia saa nne na nusu. Akenese, mama mwenye miwani mikubwa na mdomo usiojua likizo, aliwapima kwa jicho moja.

"Ielemia! Miezi miwili unakuja kushikashika mashine zangu bila kununua. Leo umeletwa na polisi?"

"Tunataka kompyuta," Pisaina alisema.

"Ya kazi gani, afande? Ya kuandikia barua au ya kuchezea gemu?"

"Ya kutoa ushahidi. Isimame mbele ya matai kumi na wanane, dakika ishirini, bila kumeza neno."

Akenese akafurahi kama mtu aliyeletewa harusi. Akawawekea mezani kompyuta kubwa yenye taa nyekundu zinazokimbizana chini ya vitufe. "Hii hapa. Vijana wote wa mjini wanaililia."

Ielemia akanakili video ndani yake, wakaiwasha. Haikufika hata dakika moja. Picha ilikwenda ikikwama, ikakwama ikienda.

"Kumbukumbu yake ngapi?" Ielemia aliuliza.

"Giga nane. Lakini tazama taa!"

"Meza ndogo, mama. Picha za video hii ni kubwa. Ikiziweka tano mezani, ya sita inakosa pa kukaa."

"Shahidi wa kwanza aondoke," Pisaina alisema. "Amevaa vizuri, hana la kusema."

Wa pili alikuwa mwembamba, wa rangi ya fedha, mzuri wa kubebwa na mtu anayependa kutazamwa. Kumbukumbu yake ilikuwa kumi na sita. Video ikaanza kwa ulaini hata Akenese akaacha kusema, jambo ambalo halikuwa la kawaida dukani pale. Dakika ya kwanza, safi. Ya nne, safi.

"Basi, inatosha," Akenese alisema. "Wateja wangu hujaribu dakika moja, wanalipa, wanaondoka."

"Mimi natazama mpaka mwisho," Pisaina alisema, akavuta kiti.

Dakika ya tisa na sekunde arobaini, picha ikaganda. Ikaamka. Ikaganda tena.

Ielemia akashika kichwa. "Sasa hata hii! Afande, hapo hapana boya wala nini. Hapo ni maji matupu."

Pisaina aliweka kiganja chini ya mashine, akakiondoa haraka na kukipuliza. Kisha akaichukua ile kompyuta kwa ncha za vidole kama sahani ya moto, akaiweka mbele ya feni ya dukani, akatazama saa. Dakika kumi nzima hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Zilipokwisha, alisema, "Anzia dakika ya tisa."

Ikaanza. Sekunde ya arobaini ikafika, ikapita, laini kama mafuta. Hamsini ikapita.

"Imepona!" Akenese alisema.

"Imepoa," Pisaina alisema. "Ielemia, ukikata video kwa mkasi, kovu linakaa wapi?"

"Pale pale nilipokata."

"Kila mashine italiona pale pale?"

"Lazima."

Akafungua daftari na kumsogezea. "Kwa mchungaji limekaa sekunde ya kwanza. Mara ya pili, ya saba. Leo, ya nne. Hapa limehamia dakika ya tisa, na sasa halipo kabisa. Kovu linalotembea si kovu. Video yako haina hata mchubuko. Mashine ndizo zinazozidiwa na joto, na zikizidiwa zinameza picha."

Ielemia alimtazama, kisha akazitazama zile namba, kisha akakaa chini kwenye boksi la karatasi bila kuuliza kama litamhimili.

"Lakini ile ya mchungaji ni mpya," alisema. "Ina feni nzuri. Kwa nini..."

"Feni zake ziko upande gani?"

"Mgongoni. Na ubavuni."

"Na mgongoni kuna nini?"

"Kitambaa," alisema kwa sauti ndogo. "Kitambaa cha mama mchungaji." Akaanza kucheka. "Na shada! Na nailoni! Afande, wameiziba pumzi kwa heshima!"

Walicheka mpaka Akenese akavua miwani kufuta machozi, ingawa alikuwa hajaelewa nusu ya habari. Alipoelezwa, akacheka upya, peke yake.

"Basi tumechukua hii nyembamba," Ielemia alisema, akisimama. "Tuwaanzishie dakika ya kumi na moja, ikiwa baridi."

"Masoelagi atauliza tumeficha nini kwenye zile kumi za mwanzo."

"Turudi tuifunue ya mchungaji."

"Na ikizima mbele ya baraza? Hatuna mara ya pili. Nataka inayoanza mwanzo na kumaliza mwisho, mkono wa mtu usiiguse." Alimgeukia Akenese. "Mama, una nini kingine?"

"Sina."

"Na ile?"

Chini ya kaunta kulikuwa na kitu cheusi, kinene, kibaya cha sura, na juu yake sufuria ya umeme ya Akenese ilikuwa inachemsha wali wa mchana.

"Ile haiuziki, afande. Aliiagiza mpima ardhi mmoja, kisha akahamia Brisbane. Nzito kama jiwe la mlangoni, na ikiwaka inanguruma. Nani atataka?"

Ielemia alikuwa ameshapiga magoti. Aliondoa sufuria kwa adabu, akaigeuza mashine, akasoma kibandiko cha chini kwa sauti inayopanda. "Kumbukumbu thelathini na mbili. Kadi ya picha ya peke yake. Diski ya ndani ya kasi. Feni tatu! Mama Akenese, umepikia wali juu ya hii?"

"Wali umeiva vizuri."

Wakainakilia video, wakaiwasha. Ilinguruma kweli. Lakini dakika ya tisa ilipita, ya kumi ikapita, na kiganja cha Pisaina kilichokuwa ubavuni mwake kilipulizwa na upepo wa uvuguvugu tu. Ielemia alisimama. Dakika ya kumi na mbili na sekunde moja. Sekunde ya nne. Ya saba.

Bahari ikaanza kuzunguka. Taratibu, bila kukata hata nywele, droni iligeuka, na kivuli cha boya kikatembea juu ya maji kutoka kushoto kwenda kulia mbele ya macho yao. Juu ikawa chini. Na katikati ya mgeuko huo Segavao ilipiga kona, makasia ishirini na manne yamezuiwa, ishirini na manne yanavuta, ikalizunguka boya jekundu kwa upande wa bahari kuu, wazi, bila ubishi.

Ielemia alipiga ukelele uliowatoa watu duka la jirani. Akamkumbatia Akenese, akataka kumkumbatia Inspekta, akakumbuka sare, akapiga saluti. Pisaina alicheka kwa furaha tupu. Kisha akakumbuka, akakaa.

"Nimempokonya kaka yangu kombe," alisema.

"Pole, afande," Ielemia alisema.

"Usinipe pole. Nimefurahi. Nitaumia nikifika nyumbani."

Walitaka kuondoka na mashine, Akenese akasimama mlangoni. Kitu kisicholipiwa hakitoki dukani kwake hata kikiombwa na malaika. Basi akafunga duka nusu saa kabla ya wakati, akaingia garini, akaipakata mashine kama mjukuu hadi Fagamalie.

Saa kumi alasiri matai kumi na wanane walikuwa wameketi katika nyumba ya baraza, kila mmoja ameegemea nguzo yake. Nje, wapiga makasia walijazana mpaka kwenye minazi. Kando ya barabara lori dogo lilikuwa limeegeshwa, na Mama Faapusa, mama yake Ielemia, alikuwa anapakia vyombo vyake mwenyewe. Hakutaka kusubiri kuambiwa. Godoro lilikuwa juu, mikeka chini yake, na kuku watatu kwenye kapu.

"Mama, ngoja kwanza," Ielemia alimwambia.

"Nimengoja tangu Alhamisi, mwanangu. Wakati wote huo hakuna jirani aliyenisalimia."

Pisaina aliweka mashine katikati ya mkeka mkuu, akabonyeza mara moja, akarudi nyuma na kuinua mikono yote miwili juu ili waione. "Sitaigusa tena," alisema. "Wala yeye."

Mashine ilinguruma. Dakika kumi na mbili ni nyingi kwa wazee waliokunja miguu, lakini hata mmoja hakujigeuza. Bahari ilipoanza kuzunguka, matai mmoja akashika nguzo yake kana kwamba nyumba ndiyo inayogeuka. Kivuli kilitembea. Mashua ikalizunguka boya.

Nje kukalipuka. Wanaume arobaini na wanane walirukiana mabegani, wakaimba, wakalia, wakagongana vichwa. Ndani, Masoelagi aliinua mkono mmoja, na kelele zikakatika.

"Rudia," alisema.

Ikarudiwa. Akaitazama bila kupepesa.

"Kwa nini ile ya mchungaji haikutuonyesha hivi?"

Pisaina alieleza, akichagua maneno, maana mke wa mchungaji alikuwa amesimama karibu. Alizisoma zile namba tatu. Alieleza joto na pumzi. Alipofika kwenye kitambaa, Mchungaji Etuale alijifunika uso kwa viganja.

"Nilikifuma kwa miezi mitatu," mke wake alisema.

"Ni kizuri sana, mama," Pisaina alimwambia. "Kiweke kwenye redio."

Cheko likaanza kwa matai mdogo kabisa, likazunguka nguzo kwa nguzo. Masoelagi peke yake hakucheka.

"Tulimwita mtu huyu mwongo," alisema. "Tulimwita mwizi wa ushindi wetu, na kumbe ndiye aliyekuwa ameubeba mkononi, anatuambia tuutazame. Baraza hili hutoza faini wanaokosa. Leo limejitoza lenyewe. Mama wa dukani, mashine hii hairudi Apia. Ni ya Ielemia, na kila matai aliyekaa hapa atachangia, kuanzia na mimi."

"Na kombe lililoko Sauvai?" sauti iliuliza kutoka nje.

"Hilo litaletwa," Pisaina alisema. "Na nguruwe wanne, kama nahodha wao bado anaongea na dada yake."

Vicheko vikapanda tena. Lakini Masoelagi alikuwa ameshainuka. Alitoka kwenye nyumba ya baraza, akavuka uwanja kwa mwendo wake wa polepole, na watu wakampisha bila kujua anakokwenda. Alifika kwenye lori. Akapanda tairi, akalishika godoro kwa mikono miwili, akalivuta, akaliweka kichwani.

Hakuna mtu Fagamalie aliyewahi kumwona matai mkuu amebeba kitu. Vijana kumi walimkimbilia.

"Mzee, tupe sisi! Mzee, tafadhali!"

"Niacheni," alisema chini ya godoro. "Aliyetamka wa kwanza kwamba waondoke ni mimi."

Akalibeba mpaka nyumbani kwa Mama Faapusa, shingo imekaza, jasho linamtoka, kijiji kizima kinamfuata. Akaliinamisha apite mlangoni, akataka kulitua sebuleni.

Mama Faapusa alisimama mbele yake, mikono kiunoni, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Si hapo, mzee. Chumba cha nyuma, karibu na dirisha."

Masoelagi akageuka na godoro lake kichwani, akaenda chumba cha nyuma.